Sauti ya Shangazi Kwenye Feri

Betri ya gari huibwa kwa spana moja tu, namba 10. Nati za vichwa viwili, nati za kishikio, basi, mzigo uko begani. Mwaka 2016 wizi huo ulikuwa umetuchosha mtaani Kibokoni. Vichochoro vingi vya Mji wa Kale wa Mombasa havipitishi gari, kwa hivyo wengi wetu tulikuwa tukiyalaza magari nje, kando ya barabara, na sisi wenyewe tukalale mbali nayo. Asubuhi mtu anaingiza ufunguo, anazungusha, kimya. Akifungua boneti anakuta waya mbili zinaning'inia na sahani tupu ya kukalia betri.

La kuudhi ni kwamba karibu magari yote hayo yalikuwa na alamu. Zile za bei nafuu, za king'ora cha sauti sita, ambazo kila mtoto wa mtaa anaweza kuziigiza kwa mpangilio bila kukosea. Paka akiruka juu ya boneti, inalia. Mkokoteni ukigusa bampa, inalia. Saa nane za usiku mtu anajigeuza upande wa pili, anavuta shuka, anamlaani mwenye gari kimoyomoyo na kurudi kwenye ndoto yake. Na hata kama watu wangeamka, king'ora chenyewe kinakula umeme wa betri ile ile inayoibwa. Waya ukichomolewa, mlio unakatika katikati, na mtaa mzima unashukuru Mungu kwamba hatimaye mwenyewe ameamka akazima.

Gari nililokuwa nikiliendesha lilikuwa la shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Corolla 110, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hakuwahi kushika usukani maishani mwake, lakini alikuwa na kiti chake, cha nyuma kushoto, mkoba mapajani, na kutoka hapo aliniendesha mimi. Mimi nilikuwa na kibanda Mwembe Tayari, natengeneza simu na redio, na nyumbani kila kitu chenye waya kilihesabiwa kuwa changu. Redio ya gari lile nilishaifungua zamani. Magari ya Japani ya wakati ule huja na FM inayoanzia 76 na kuishia 90, na stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo. Nikamwekea kile kidude cha kushusha masafa, shangazi akapata mawaidha yake ya asubuhi, na tangu siku hiyo akaamini hakuna lisilowezekana mbele ya lehemu.

Betri ilipoibwa tena, NS60 ambayo hata haikuwa imepata vumbi, alamu ilikuwa imelia. Shangazi aliisikia kwa masikio yake kutoka ghorofani.

"Hicho king'ora chako chamwamsha nani?" akaniuliza asubuhi, hata chai sijamaliza. "Mie mwenyewe nimekisikia, nikageuka."

Nikamwambia tunahitaji vitu viwili: betri ya pili iliyofichwa, ili sauti isikatike ile kubwa ikichomolewa, na sauti yenyewe isifanane na ya gari jingine lolote.

"Sauti gani?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuja jioni, aliposimama dirishani na kumfokea mtoto aliyekuwa akichora ukuta wetu kwa mkaa. Milango ikafunguka hadi mwisho wa kichochoro. Mwanamke wa nyumba ya tatu alitoka na mwiko mkononi. Shangazi yangu alilelewa enzi ambazo mtu hakuwa na simu; akikuhitaji, alikuita kutoka roshani, na ulikuja.

Sanduku nililiunga kibandani, kati ya simu ya mteja mmoja na ya mwingine. Kiini chake kilikuwa kile kibao kidogo cha kucheza MP3, chenye tundu la memori kadi, ambacho kwa upana hakizidi stempu ya barua. Hicho hula volti 5 tu, kwa hivyo mbele yake niliweka kishusha volti. Nyuma yake nikaweka amplifaya, na kutoka kwenye amplifaya waya ikapita chini ya zulia la gari hadi mbele, kwenye spika ya pembe, ndugu mdogo wa zile za minara ya misikiti, nikaifunga nyuma ya grili. Betri ya pili ilikuwa ya UPS, kile kisanduku kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, volti 12, ampia-saa 7, niliyopewa na jirani aliyekuwa akifunga saiba yake. Niliipima: 12.6. Safi. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba betri iliyochoka humdanganya mwenye mita. Ukiipima ikiwa imekaa bure inakuonyesha namba ya ujana wake, ukiipa kazi ndipo inapokupa umri.

Kazi iliyonipa raha zaidi ilikuwa ya kuichaji. Haiwezekani kuunga betri mbili moja kwa moja, chanya kwa chanya, ukaondoka zako. Iliyochoka itaifyonza nzima usiku kucha, na siku ambayo betri kubwa itaibiwa, ndogo itamwaga umeme wake wote nyuma kwenye gari. Panahitajika mlango wa kwenda tu, na mlango huo ni dayodi. Lakini dayodi ya kawaida hutoza ushuru wa volti 0.7 hivi. Alteneta ya gari lile ilikuwa ikitoa 14.1, toa 0.7, inabaki 13.4, na betri ya namna ile, ikikaa kwenye chaji, inataka kati ya 13.5 na 13.8. Ingebaki na njaa ya kudumu. Nikafungua pawa sapulai ya kompyuta mbovu, nikatoa dayodi ya Schottky, ambayo ushuru wake ni kama 0.3, nikapata 13.8 kamili. Halafu nikachukua umeme kwenye waya unaoamka ufunguo ukiwashwa tu, ili gari likilala kila betri ijitegemee.

Mtaani palikuwa na mzee fundi wa umeme wa magari, aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za magari ya platini, na nilimpelekea sanduku alione. Hakusifu. Aliuliza kitu kimoja: "Fyuzi i wapi?" Nikamwonyesha, karibu na kibao. Akatikisa kichwa, akaivuta waya hadi kwenye kichwa cha betri, akapima shibiri moja kwa mkono wake. Fyuzi iwe hapa, akasema, mwanzoni kabisa. Yailinda waya, haikilindi kidude chako. Waya ikichunika katikati ya njia ikagusa bodi, fyuzi iliyo mwishoni itakaa itazame gari likiungua. Kisha akanipa grisi ya kupaka vichwa vya betri, kwa sababu ya hewa yetu hii ya chumvi. Ukivisahau, baada ya miezi vinaota ukoko wa kijani na weupe, na umeme haupiti tena hata kwa dua.

Nikaongeza jambo la mwisho, na mpaka leo nalitetea: relei inayojishika. Alamu ikishaamsha sanduku mara moja, sanduku haliisikilizi tena. Mwizi akate waya ya king'ora, azime alamu yenyewe, sauti inaendelea mpaka mtu anayejua abonyeze swichi iliyofichwa. Swichi niliificha ndani ya buti, chini ya tairi la akiba. Nani atakayeitafuta huko?

Kurekodi tulirekodi roshani, kwa simu, alasiri. Nilikuwa nimemwandikia maneno kwenye karatasi: "Ondoka kwenye gari! Gari lina mwenyewe!" Shangazi akayasoma, akanirudishia.

"Ukisema ondoka, nani atatoka kitandani? Ataondoka mwivi, watu walale."

"Si ndilo tunalolitaka, shangazi?"

"Sisi twataka ashikwe."

Akatengeza leso kichwani, akashika ukingo wa roshani, akavuta pumzi. "Mwivi! Mwivi huyo! Mshikeni, jamani, yuwaiba! Mwivi!"

Sikupata nafasi ya kumwomba arudie. Chini, wanaume waliokuwa kwenye barza wanakunywa kahawa walikwisha simama, na mmoja alikuwa tayari kwenye ngazi zetu, kikombe bado mkononi. Ilibidi nishuke nieleze. Nilipoisikiliza ile rekodi baadaye, mwishoni kabisa, juu ya neno la mwisho, kulikuwa na kunguru aliyelia kwa ghadhabu, kana kwamba naye ameibiwa. Nilijaribu kumkata, lakini nikimkata yeye namkata na shangazi. Nikamwacha.

Wiki zilizofuata hakuna aliyeligusa gari letu. Siwezi kuapa kwamba ni sanduku lililozuia. Huenda habari ya barzani ilitosha.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumamosi ya harusi, Msambweni. Mpwa wa shangazi alikuwa akioa, na upande wetu ulikuwa umeahidi vyombo. Buti lilijaa sufuria za biriani zilizoazimwa nyumba mbalimbali, mikeka, gunia la mchele na katoni ya vikombe. Nililifunga kwa kulikalia. Tukateremka kwenda Likoni.

Anayeijua feri ya Likoni haniulizi palikuwaje. Waendao kwa miguu huvuka bure, na idadi inayotajwa siku zote ni watu kama laki tatu kwa siku. Wanapofunguliwa geti wanashuka ule mteremko kwa pamoja, wafanyakazi, wanafunzi, mama na mabeseni, vijana na baiskeli, na magari yakishapangwa katikati watu hujaza kila upenyo uliobaki mpaka huwezi kuona sakafu. Mlango wa bahari pale si mpana, kama mita 500, na feri ikishaondoka safari ni ya dakika chache. Lakini kabla haijaondoka, na joto la Machi, na injini umezima, ndani ya Corolla isiyo na eyakondishina panachemka. Nilitoka. Niliurudisha mlango, nikasogea hatua kadhaa hadi kwenye ukingo kupata upepo, ufunguo mfukoni.

Alamu nyingi za aina ile hujifunga zenyewe. Ukizima gari, milango ikafungwa, nusu dakika hivi ikapita bila mtu kugusa rimoti, zinajiweka tayari. Ni jambo zuri kwa msahaulifu. Taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi ikaanza kupepesa, na shangazi, aliyekaa nyuma akijipepea kwa bahasha ya mwaliko, hakuwa na haja ya kuijua.

Alichokiona yeye ni kijana anayepita na beseni la mabuyu, yale mekundu ya kukolea, yamefungwa kwenye vijikaratasi vya nailoni. Akagonga kioo kwa pete. Kijana akageuka. Kioo cha mlango ule kilikuwa kimekwama siku nyingi, kwa hivyo shangazi akafanya la kawaida: akafungua mlango, akanyoosha mkono na noti ya shilingi mia mbili. Kijana akainama kuipokea.

"MWIVI! MWIVI HUYO! MSHIKENI, JAMANI, YUWAIBA!"

Ilitoka mbele ya gari, kwa pembe, na kwenye feri, ambako pande zote ni chuma, iligonga ikarudi. Nilikuwa nimeipima sauti ile barabarani, hewa wazi. Sikuwa nimeisikia ikiwa ndani ya sufuria.

Angalia walichokiona watu: mama mtu mzima wa buibui ndani ya gari, mlango uko wazi, kijana ameinama juu yake, noti ya mia mbili i mkononi mwake, na sauti ya mama mtu mzima inalia mwivi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Beseni lilikwenda chini kwanza. Mkono mmoja ulimshika kijana ukosi, mwingine nyuma ya suruali, kofi likalia, na kwa nyuma mtu ambaye hata hakuona chochote akapaza sauti, "Mtupeni majini!"

Tulioishi mjini tunajua neno lile likishatamkwa lina miguu yake. Nimeshawahi kuona, Kongowea, mwisho wake, na sitausimulia hapa. Nilipowaona wale watu wakianza kumburura kijana kuelekea ukingo nilioko mimi, mikono yangu ilikufa ganzi. Nilitoa rimoti, nikabonyeza. Taa za indiketa, zilizokuwa zikiwakawaka, zikazima mara moja. Alamu ilinisikia. Sanduku halikunisikia, wala sikuliunda linisikie.

"YUWAIBA! MWIVI!" Na kunguru wangu.

Nikapiga mbio nyuma ya gari, nikafungua buti, na huko ndani, chini kabisa, chini ya gunia, chini ya mikeka, chini ya tairi, ndiko iliko swichi. Nikaanza kutoa sufuria. Ya kwanza niliiweka chini. Ya pili niliirusha. Kifuniko kilibingirika hadi chini ya lori, na mtu akasema kwa sauti ya ugunduzi, "Huyu hapa mwenzake! Anapakua!"

Nilishikwa shati. Nikasema gari ni letu, nikasema ni alamu. Lakini mwambie mtu kwamba mama anayelia mwivi ni alamu, uone atakavyokutazama. Yule aliyenishika, jamaa mkubwa mwenye ovaroli la bandarini, alinitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayeona uongo umeandaliwa vibaya, kisha akanikaza zaidi.

Kilichotuokoa ni ile betri ya UPS. Ilikuwa imechoka, kama nilivyodokeza, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaijaribu kwa zaidi ya mlio mmoja au miwili. Sasa ilikuwa imefanya kazi mfululizo, sauti juu kabisa, na shangazi wa kwenye kadi kila alipofika kwenye silabi nzito amplifaya ilivuta umeme mwingi, volti zikadondoka, na kile kibao cha volti 5 kikakosa chakula, kikazima. Kikizima mzigo unaondoka, betri inajikusanya, kibao kinaamka upya, kinasoma kadi yake kwa sekunde mbili hivi, na kuanza mwanzo.

"MWIVI! MWI—"

Kimya.

"MWIVI! MWI—"

Kimya.

Watu wakasita. Hakuna mama anayelia hivyo. Mikono kwenye shati langu ililegea kidogo, na vichwa vikaanza kugeuka kuelekea kwenye gari. Ndani ya gari shangazi alikuwa amekwisha kusema mengi, ila kila alichosema kilimezwa na yeye mwenyewe. Sauti mbili za mtu mmoja, nani angezitenganisha? Lakini shangazi yangu ni mtu wa maulidi na vyama vya harusi, sikio lake la mapigo halina mfano. Alisikiliza duru moja. Akatoka nje, akasimama na mkono juu ya mlango, na duru iliyofuata akaingia kwenye kile kimya kwa wakati.

"MWIVI! MWI—"

"Mwacheni kijana wa watu!"

"MWIVI! MWI—"

"Nimemwita mimi! Nanunua mabuyu!"

"MWIVI! MWI—"

"Huyo ni mimi! Na huyu ni mimi! Sikilizeni vyema!"

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wamepanda kwenye ngazi za juu. Kikashuka chini pole pole. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliketi kabisa kwenye tairi la akiba nililokuwa nimeshalitoa, akishika mbavu. Jamaa wa ovaroli aliniachilia, akanitengenezea kola, na bila neno akaingiza mkono wake mrefu ndani ya buti. "Wapi?" akauliza. Nikamwelekeza. Akabonyeza, na shangazi wa kwenye kadi akanyamaza. Tulisikia injini ya feri, na maji.

Waliomshika kijana sasa walikuwa wakimpangusa vumbi, kila mmoja kwa bidii kuliko mwenzake, na hakuna aliyekumbuka nani alisema majini. Kijana mwenyewe hakucheka. Midomo ilikuwa ikimtetema, shavu moja limewaka, na noti bado ilikuwa ndani ya ngumi yake. Hakuiachia wakati wote ule. Shangazi alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, cha nyuma kushoto, ambacho sijawahi kuona mtu mwingine akikalishwa, akampa maji ya kwenye chupa yake ya zamzam. Akanigeukia mimi, na kwa sauti ya chini, ambayo kwake ndiyo ya hatari, akasema, "Maneno yale utayafuta leo. Si kesho."

Sikumkumbusha nani aliyeyachagua.

Feri ilikuwa imeshagusa upande wa pili, magari ya nyuma yanapiga honi, na askari wa kivuko ananiamrisha niondoke na mimi sina nafasi ya kupakia. Walionikamata ndio walionisaidia. Wale waenda kwa miguu walichukua kila mmoja chombo, sufuria kichwani, mkeka begani, na wakapanda nao mteremko wa Likoni wakitangulia gari, na mtu aliyetuona kutoka juu lazima alidhani harusi imeanzia hapo hapo. Juu, kando ya stendi ya matatu, waliviweka vyote chini. Havikupungua. Kifuniko kimoja tu kilikuwa kimepata bonde, nikakilipia.

Shangazi alinunua mabuyu yote yaliyosalia kwenye beseni na yale yaliyookotwa, akaongeza pesa ya kofi, kiwango alichokipanga yeye. Harusini tuligawa mabuyu mpaka watoto wakawa na ndimi nyekundu kama mkia wa kasuku, na hadithi ilisimuliwa jikoni, barzani na kwa maharusi wenyewe. Usiku huo huo, ugani, mbele ya mashahidi, nilirekodi upya: "Wenye gari, amkeni! Gari laguswa!" Kunguru alikuwa amelala. Na niliporudi mjini nilibadilisha ile betri, nikanunua mpya ya ukubwa ule ule, kisha nikaishikia taa ya mbele ya gari kama mzigo kwa robo saa, mita ikiwa juu yake, kabla ya kuiamini. Relei niliiacha vilevile. Swichi niliihamishia chini ya usukani.

Kijana wa mabuyu alinifuata Mwembe Tayari baada ya muda. Nilipomwona mlangoni nilidhani amekuja na ndugu zake. Alikuwa peke yake. Alisimama akizitazama redio zilizofunguliwa matumbo, kisha akauliza kile kidude cha kupiga kelele ni bei gani.

"Wewe tena?"

Akaniambia ameacha beseni, sasa ana mkokoteni, anauzia Mama Ngina Drive jioni, na tatizo lake ni koo. Ikifika saa mbili sauti imekwisha. Anataka kinachoweza kuita wateja chenyewe, na anataka, kama inawezekana, sauti ile ile. Aliisikia vizuri kuliko mtu yeyote, alisema, na anaweza kushuhudia kwamba inafika.

Nikamuundia. Betri ndogo, spika ndogo, fyuzi shibiri moja kutoka kwenye kichwa, na swichi kubwa nyekundu juu kabisa ambayo kipofu angeiona. Ilibaki sauti. Tukapanda naye ngazi hadi kwa shangazi, akiwa na karatasi aliyoandika mwenyewe: mabuyu matamu, mabuyu ya iliki, mabuyu ya hakika. Shangazi akavaa miwani, akaisoma hadi mwisho, akaiweka mapajani.

"Haya ya iliki yana iliki kweli?"

"Yana, bi mkubwa."

"Mie siuzi urongo kwa sauti yangu. Nenda kalete nionje."